Mwenyeji kwa Damu, Jadak kwa Mdomo

Mwaka jana nilimfanya nyanya yangu apimwe ini. Ini lenyewe halikuwa na neno. Tatizo lilikuwa mdomo wangu.

Ilikuwa hivi. Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu Usenge, alikuwa wiki ya tatu hana hamu ya chakula. Sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Asubuhi anakaa chini ya mwembe akitazama upande wa ziwa, jioni tunamrudisha ndani. Nikaita kijana wa boda, tukampakia Dani katikati, tukaenda kituo cha afya. Daktari alikuwa wa rika langu, mstaarabu, katumwa kazi kutoka kaunti nyingine, Dholuo hana. Akamwuliza Dani kwa Kiswahili anaumwa wapi. Dani akanigeukia mimi, akaweka kiganja chini ya titi, akasema: "Nyakwara, chunya lit."

Neno chuny nalijua. Nililijifunza buchari, wiki yangu ya kwanza Usenge: chuny dhiang', ini la ng'ombe, nusu kilo, usisahau kitunguu. Na lit ni kuuma. Nikamgeukia daktari kwa ujasiri wa mkalimani wa Umoja wa Mataifa: "Anasema ini linamuuma."

Daktari akabonyeza. Mwanamke wa miaka themanini na kitu ukimbonyeza mahali popote atakunja uso. Akaandika vipimo. Safari ya Bondo, damu ikatolewa, tukarudi kusubiri majibu. Nilitumia elfu sita na mia tano, nyingi zikiwa za kukopa, manake mwandishi wa vibarua kama mimi hulipwa pale mhariri anapokumbuka. Majibu yakarudi safi. Nilipomweleza shangazi yangu, kwa Kiswahili, nini hasa Dani alisema na mimi nilitafsiri nini, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanyamaza. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo si ini."

Mluo akisema chunya lit hazungumzii kiungo. Anasema moyo wake una majonzi. Ni kama mtu akwambie "roho inaniuma" nawe umbebe ukampige picha ya roho. Kitinda mimba wa Dani, yaani baba yangu mdogo, alikuwa amevuka kwenda kuvua kwenye visiwa vya upande wa Uganda, na simu yake ilikuwa imezimwa wiki ya kumi. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla. Na kinachonichoma mimi hadi leo ni hiki: alikuwa ameshaniambia. Kila jioni tulipokaa nje, alinieleza. Nami kila jioni nilitikisa kichwa, nikasema "Ee, Dani. Ber," nikaendelea na simu yangu.

Ber maana yake nzuri.

Mwanamke ananiambia mwanawe huenda amezama, namjibu "nzuri".

*

Sasa hebu nijitambulishe vizuri, ndio ujue hasira hii inatoka wapi. Nimezaliwa Mombasa, nimelelewa Changamwe, mtoto wa kuli wa bandarini. Nyumbani wazazi waliongea Dholuo wao kwa wao na Kiswahili na sisi, kama familia nyingi za Kijaluo za pale Changamwe na Mikindani. Dholuo ilikuwa lugha ya siri za wakubwa na matusi ya baba akijigonga kidole. Nikaenda chuo kikuu, nikaacha mwaka wa pili, karo na mimi tukiwa tumechokana. Mwishoni mwa 2019 nikaja Usenge "kwa muda", nikae na Dani nijipange. Huu muda haujaisha mpaka leo.

Nilipofika, kila mtu aliniambia maneno yaleyale: usijali, lugha utaishika tu. Kaa miezi sita. Kaa mwaka. Utajikuta unaongea.

Mimi nasema huo ni uongo. Ni uongo mtamu, wa upole, na umeharibu watu wengi. Kuishi mahali hakukufundishi lugha ya mahali hapo, kama vile kuishi kando ya ziwa hakukufundishi kuogelea. Nenda kaulize vijana wangapi hapa ufuoni hawajui kuogelea.

Kinachotokea kweli ni hiki. Miezi mitatu ya kwanza unajifunza kwa kasi ya ajabu, manake una njaa na aibu. Unajua salamu: oyawore ya asubuhi, oimore ya jioni, misawa ya wakati wowote. Unajua kununua omena, kubishana nauli, kumwambia mtoto atoke hapo. Halafu unafika mahali unapata kila kitu unachokihitaji. Unakula, unasafiri, unachekesha watu. Na hapo ndipo ulimi wako unapofunga breki. Miaka miwili, mitatu, mitano inapita, na wewe bado una yale maneno mia tatu ya miezi mitatu, ila sasa unayasema haraka. Wanaokusikia kwa mbali wanadhani unajua. Wewe mwenyewe unadhani unajua. Mpaka siku Dani aumwe.

Na kuna kile kichwa. Sijui lugha nyingine ina jina gani la ugonjwa huu, mimi nauita kutikisa. Mtu anaongea, wewe umeshika neno moja kati ya sita, uso wake unakuonyesha kama ucheke au uhuzunike, basi unatikisa kichwa na kutoa mguno unaofaa. Ukishaujua ufundi huu hutajifunza tena kitu. Kwa Dholuo kitenzi winjo ni kusikia na pia ni kuelewa, yote mawili kwa neno moja. Kwa hiyo ok awinjo ni sijasikia, na ni sijaelewa. Maneno mawili mepesi, hayana hata sauti ngumu. Nilikaa miaka mitano nikiona haya kuyasema.

*

Wajaluo wana neno ambalo kila mgeni wa muda mrefu angepaswa kulijua kabla hajafungua sanduku. Mgeni wa kawaida ni wendo. Wendo huchinjiwa kuku, huamkiwa, hurudi kwao. Lakini akija akakaa, akapewa kipande cha kulima kwenye ardhi ya wengine, basi anakuwa jadak. Linatokana na dak, kuishi. Jadak anaweza kujenga, akazaa, akazeekea pale, na siku ya ugomvi wa mpaka watu wakakumbushana kwamba huyu ni jadak. Wenye ardhi ni weg lowo. Ni neno lenye makali, na kesi nyingi za mashamba huku zimeanzia kwenye neno hilo.

Kwa damu mimi ni wa weg lowo. Kaburi la babu yangu liko hatua thelathini kutoka ninapoandikia. Lakini neno lenyewe Dholuo, ukilifungua, ni mdomo wa Mluo: dho ni mdomo. Na kwa mdomo mimi ni jadak. Nimekaa, nimekula, nimeotesha nyanya na sukuma, na bado naishi kwenye lugha hii kwa ruhusa ya wengine.

Na siko peke yangu. Nenda Kisumu, kaa Milimani au kwenye zile kahawa za karibu na ziwa siku ya Ijumaa. Utawakuta wageni wa mashirika waliokaa mwaka wa nane, wa kumi. Wana nyumba, wana mbwa wenye majina ya Kijaluo, wana picha ya jua likizama Dunga. Waulize kitu kwa Dholuo. Utapewa misawa, erokamano, na kicheko. Waulize kwa Kiswahili, utapewa pole pole na hakuna matata. Mtu ana digrii mbili, ameandika ripoti kumi kuhusu "jamii ya wavuvi", na hawezi kumwuliza mvuvi jana umelalaje.

Usiniambie lugha yenyewe ni ngumu. Ni ngumu, sawa. Ina t ya meno na t ya ufizi, na ukizichanganya unatoka kwenye to, ambayo ni "lakini", unaingia kwenye tho, ambayo ni kifo. Ina toni. Kendo ni mafiga, kendo ni kuoa, kendo ni tena, na ukiandika ni herufi zilezile tano. Lakini Mkanada Arthur Carscallen, mmishonari wa Waadventista, alifika Gendia mwaka 1906, wakati hakuna kitabu cha sarufi, hakuna simu, hakuna hata barabara. Alijifunza Dholuo mpaka akaandika sarufi yake. Simsifu kwa mengine. Alikuwa anataka roho za watu, na huwezi kuvua roho kwa mkalimani. Wazee wa Kihindi wa madukani Kisumu nimewasikia kwa masikio yangu wakibishana bei ya blanketi kwa Dholuo yenye methali ndani. Walitaka pesa za watu, na huwezi kumkopesha mtu usiyemwelewa akijitetea. Vijana wanaokuja kuvua kutoka Samia na Uganda, wengine hawakumaliza hata darasa la sita, msimu mmoja tu wanaongea. Usiku, ndani ya mashua, mtu akikupigia kelele "shika kamba" huna muda wa kutikisa kichwa.

Kwa hiyo swali si kichwa chako kina uwezo gani. Swali ni: unamhitaji nani? Ukiona mtu amekaa mahali miaka kumi na hajajua lugha, basi watu wa lugha hiyo hajawahi kuwahitaji kwa jambo lolote zito. Amewahitaji wamfulie, wamwendeshe, wamjazie fomu. Inauma kuliandika, manake nikilielekeza kwangu linasema kwamba kwa miaka mitano sikumhitaji Dani.

*

Najua utetezi, nimeusikia mara nyingi. Wa kwanza: "Lakini kila mtu huku anaongea Kiingereza."

Kila mtu nani? Njoo ufuo wa Usenge saa kumi na mbili asubuhi mashua zinapoingia. Wanaoongea Kiingereza ni kijana aliyemaliza fomu foo, mwenyekiti wa kamati ya ufuo, chifu, na mwenye mashua. Wanawake walioinama juu ya nyavu wakianika omena, hao ndio wenye biashara, wengi wao wana Dholuo tu na Kiswahili cha sokoni. Ukija na Kiingereza pekee, umeshachagua utamsikiliza nani kabla hujasema neno. Halafu unaandika kwamba "jamii imesema".

Chukua mfano wa jaboya. Kila mtu wa pwani hii ya ziwa anaujua: mvuvi anamuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Miradi mingi imekuja kupigana na jambo hilo, na vizuri ije. Lakini fikiria mwanamke wa miaka arobaini anaulizwa habari za jaboya na mgeni, kupitia mkalimani, na mkalimani ni mpwa wa mwenye mashua. Atasema nini? Atasema "zamani ilikuwepo, siku hizi imepungua". Mgeni anaandika imepungua. Mkalimani anapata posho. Mwanamke anarudi kwenye omena yake. Hapo hakuna aliyedanganya sana, na hakuna ukweli uliovuka.

Utetezi wa pili ni wetu wenyewe, wenyeji, na huu ndio unaonitia wazimu. Mtu akisikika tu ana lafudhi, tunabadili lugha. Tunadhani ni adabu. Nimeingia duka moja hapa stejini mara mia, nikaanza na Dholuo yangu ya kuchechemea, na mara mia mwenye duka amenijibu kwa Kiswahili. Ni mwema kweli, ananirahisishia. Lakini kila anaponirahisishia ananirudisha nje ya mlango. Ukarimu wa namna hii ndio unaomweka mgeni ugenini. Unampa kiti cha wageni mpaka afe.

Na tuna mizani mbili, hebu tukubali. Mzungu akisema erokamano, duka zima linapiga makofi, anaitwa Odhiambo papo hapo, anapewa nyama ya bure. Mimi, mtoto wa nyumbani niliyezaliwa Mombasa, nikisema sentensi nzima yenye kosa moja, nachekwa mpaka jioni, na kesho inasimuliwa kwenye mashua. "Jambasa" ndilo jina nililopewa mwaka wangu wa kwanza. Makofi yanamwambia mzungu: inatosha, usiendelee. Kicheko kinaniambia mimi: nyamaza, usianze. Matokeo ni mamoja. Wote wawili hatuongei. Nawaomba ndugu zangu wa huku, acheni kumpigia mtu makofi kwa neno moja, na acheni kumcheka mtu kwa kosa moja. Msahihisheni. Sema neno lilivyo, endelea na habari. Ndiyo heshima pekee ninayoitaka.

*

Sasa wasomaji wa jarida hili, naja kwenu, na msikasirike. Sisi watu wa Kiswahili.

Tunapenda kulia na Kiingereza. Mimi mwenyewe nimeandika makala mawili humu ndani ya roho hiyo, na sifuti hata nukta. Lakini nikiwa Usenge nilifanya nini? Nilikitumia Kiswahili kama ngao. Kila Dholuo iliponishinda nilikimbilia Kiswahili changu cha Mombasa, kizuri, chenye lahaja, na nikaona nimefanya jambo la kizalendo. Si ni lugha ya taifa? Si Katiba ya 2010 imesema hivyo kwenye ibara ya 7? Ndiyo imesema. Ibara hiyohiyo, mstari wa chini kidogo, inasema pia taifa litakuza na kulinda lugha za asili za watu wa Kenya. Huo mstari sisi huwa tunauruka.

Huku kando ya ziwa Kiswahili kina historia yake. Kwa Dani, Kiswahili ni lugha ya askari, ya karani, ya mtu anayedai kodi. Anakijua kidogo, na akikiongea anakaa wima kama yuko mbele ya hakimu. Nilipomlazimisha akutane nami kwenye Kiswahili, nilimfanyia kilekile ambacho mhariri mmoja wa Nairobi alinifanyia mimi aliponiambia wazo langu ni zuri, ila "lilete kwa Kiingereza". Ukitaka kuunganisha watu kwa lugha fulani, basi walau usiitumie kama kisingizio cha kutowasikia. Waluo wa Rorya, upande wa Tanzania, wanaongea Kiswahili kuliko huku kwetu wote, na Dholuo wanayo nyumbani. Sioni walichopoteza.

Na nisije nikaonekana ninaipaka Dholuo rangi ya malaika. Vuka na boti uende Rusinga au Mfangano. Wazee wa Abasuba watakwambia babu zao waliongea Olusuba, lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiganda na Kisoga. Leo wengi wao wanaongea Dholuo. Shule na kanisa vilikuja kwa Dholuo, ndoa zikaja kwa Dholuo, soko likaja kwa Dholuo, na ndani ya vizazi vichache watu wazima walihama lugha. Kwa hiyo kuna mambo mawili pale. Moja, kwamba watu hujifunza lugha yoyote kwa ukamilifu wakishakuwa hawana budi, hata taifa zima. Pili, kwamba mwenye lugha kubwa huwa halioni jambo hili mpaka lugha ya mwenzake iishe. Zaidi ya watu milioni 5 walijitambulisha kuwa Waluo kwenye sensa ya 2019, kwa hiyo sidai Dholuo itakufa kesho. Nadai kwamba mimi nitamzika Dani siku moja, na sitaki niwe mtu anayesimama kaburini akitikisa kichwa.

*

Baada ya yale mambo ya ini, niliacha kungoja lugha inishike. Sijawa bingwa, bado watoto wananiiga. Lakini kuna tofauti, na nitasema nilichofanya, manake hasira isiyo na kazi ni kelele tu.

Nilianza kusema ok awinjo. Mara kumi kwa siku, mara ishirini. Wach kendo, sema tena. Wiki ya kwanza watu walidhani nimepata shida ya masikio. Niliwaambia watu watatu tu, shangazi, kinyozi wangu, na mama mmoja anayeanika omena: wuo koda gi Dholuo, ongea nami kwa Dholuo, hata nikikuomba Kiswahili unikatalie. Wawili walichoka. Yule mama wa omena hakuchoka. Ananikatalia mpaka leo, akiwa na raha kabisa.

Niliacha kutafuta maneno mapya na kuanza kutafuta mambo mapya. Maneno ya sokoni ninayo. Sikuwa na maneno ya kubishana, ya kuomba msamaha, ya kueleza ndoto, ya kusema "nilidhani hivi kumbe vile". Kwa hiyo nikaenda mahali mambo hayo yanaposemwa. Matangani, kwa mfano. Matanga ya Kijaluo ni chuo kikuu, na hiki sikukiacha mwaka wa pili. Watu wanasimama mmoja baada ya mwingine kumweleza marehemu, wanasifu, wanalaumu, wanadai madeni, wanachekesha. Unasikia kisa kilekile kwa midomo mitano. Redioni pia, Ramogi FM na Radio Nam Lolwe, hasa vile vipindi ambavyo wasikilizaji wanapiga simu wakagombana. Mtangazaji anaongea msafi. Mtu aliyekasirika ndiye anayekufundisha.

Nilianza kujirekodi. Ni mateso. Nikasikia kwamba miaka yote hiyo t zangu zote zilikuwa moja. Na kichekesho ni kwamba Waswahili wa Mombasa, wale wa Mji wa Kale, wana t mbili wao pia, ya meno na ya ufizi, na nimezisikia tangu utoto. Sauti nilikuwa nayo. Sikuwahi kufikiri kwamba huku pia inahitajika.

Na nikajiuzulu ukalimani. Dani akienda kwa daktari sasa, shangazi ndiye anayeongea, mimi naenda kubeba mkoba na kusikiliza. Kujua mpaka wa ulimi wako ni sehemu ya kujua lugha. Natamani daktari yule kijana pia aulizwe na waliomtuma: miaka unayokaa huku, nani anakufundisha? Simlaumu yeye. Tunampeleka mtu kutibu watu asiowaelewa, halafu tunamwachia mjukuu wa kutoka Changamwe atafsiri. Walimu, maafisa wa polisi, wauguzi, watu wa miradi, wote tunawapokea kwa ngoma na kuku, na hakuna anayewapa hata wiki mbili za kukaa chini na mama wa omena. Karo yake ingekuwa ndogo kuliko ile elfu sita na mia tano.

Baba mdogo alipatikana, kama ulikuwa unangoja. Simu iliingia maji, na namba zote zilikuwa ndani yake. Alipiga siku moja mchana kwa laini ya mtu. Dani aliongea naye dakika arobaini, akamtukana vizuri sana, kisha akaomba ugali.

Juzi jioni tulikaa nje kama kawaida. Nikamwuliza kwa Dholuo, "Dani, moyo wako unaendeleaje?" Nilitumia neno lilelile, chuny, na safari hii nilijua ninachouliza. Akanitazama. Akanisahihisha mwisho wa kitenzi, nikarudia, akanisahihisha tena, nikarudia. Kisha akaanza kunijibu. Jibu lilikuwa refu, lina watu wengi ndani yake, wengine wamekufa kabla baba hajazaliwa. Nilimkatiza mara tisa kusema ok awinjo. Mara ya tisa alinipiga kofi la goti, akarudi nyuma mpaka pale niliponaswa, akaanza tena.